Zamu Yangu ya Ugali

Ijumaa ile naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa ni zamani, ndevu zangu zilikuwa bado hazijaota mvi. Tulikuwa walinzi wa maghorofa ya Jumeirah Lake Towers, hapa hapa Dubai, tumejazana chumba kimoja, na tulipika sufuria moja kwa zamu. Kila zamu yangu ilipofika nilikuwa na kisingizio. Leo nimebadilishiwa shifti, kesho kichwa kinauma. Wenzangu wakirudi wamechoka hoi, wanakuta jiko baridi.

Basi wakaketi kunijadili, nami nipo papo hapo kitandani.

"Khalas, imetosha, huyu atoke kwa sufuria yetu," alisema Opiyo, rafiki yangu niliyekuja naye kutoka Kenya. "Hatukukuja huku kumpikia mtu kama bwana harusi."

Usicheke. Kutolewa kwenye sufuria maana yake ni kutafuna mkate mkavu peke yako huku wenzako wamezunguka sinia. Na ugenini huku, ukikosa wa kula naye, umekosa ndugu. Niliogopa sana.

Mzee Ssali alikuwa anapiga pasi shati la sare. Kwao Uganda alikuwa mwalimu wa historia. Aliiweka pasi kando, akatusimulia habari za tajiri mmoja wa zamani huko Uskoti, mwenye kiwanda cha nyuzi. Matajiri wenzake walisema wafanyakazi ni walevi na wezi tangu kuzaliwa. Yeye alikataa. Akapunguza saa za kazi, akawatoa watoto wadogo kwenye mashine na kuwafungulia shule, akaweka duka lisilowapunja. Watu wale wale wakabadilika. Baadaye alivuka bahari kujenga kijiji ambamo mali ingekuwa ya wote. Hicho kilimshinda, maana wengine walikuja kula tu.

"Kama huyu," Opiyo akadakia.

"Ngoja kwanza, ssebo," Mzee Ssali alimwambia, yaani bwana kwa Kiganda. "Tajiri yule hakukata tamaa na watu hata baada ya hapo. Alisema mtu hufanywa na mahali alipokulia. Sasa, nani kati yetu amemuuliza kijana huyu kwa nini hapiki?"

Wote wakanigeukia. Ikabidi niseme mwenyewe: sijui kupika. Kwetu, mvulana akishatahiriwa hatakiwi jikoni kwa mama yake, na mimi mwiko sikuwahi kuushika. Niliona afadhali niitwe mvivu kuliko wajue.

Opiyo alicheka mpaka machozi, kisha akaninyanyua kwa mkono. "Yalla, twende. Maji yakichemka uniite."

Ugali wangu wa kwanza ulikuwa mbichi katikati. Waliula wote. Mzee Ssali akaomba aongezewe.

Alisharudi kwao siku nyingi, na mpaka leo kila nikisonga ugali namshukuru kwa sauti, hata kama niko peke yangu.

Ndiyo maana nimekuita huku jikoni, mwanangu, sikutaka kukusema mbele ya wenzako. Nimesikia zamu yako imepita tena bila wewe kupika. Nakuuliza kama nilivyoulizwa: kuna nini? Niambie bila aibu. Na kesho akija mwingine wa kukuudhi, muulize alikotoka kabla hujamfukuza.

Mungu akujalie watu wa kula nao kila utakakofika, nawe usimchoke mtu upesi. Haya, maji yanachemka. Shika mwiko.