Sadini Mlangoni pa Zulmira

Ati Zulmira alichagua kuhamia Barreiro, ng'ambo ya mto. Alichagua! Mwenye nyumba kapandisha kodi mpaka ikazidi mshahara wake wote wa kufua shuka hotelini, sasa achague nini? Alfama, mtaa wa kale wa mjini, ndiko alikozaliwa, ndiko alikoolewa, ndiko alikofia mumewe. Lakini siku hizi Alfama ni ya wenye nazo. Akavuka mto na masufuria yake, akaenda kukaa ghorofani kati ya watu asiowajua.

Kitu kimoja tu alikataa katakata kukiacha. Sikukuu ya Mtakatifu Antoni, mtu wa Alfama huchoma sadini mlangoni pake. Basi Juni ilipofika akapanda feri na jiko lake la mkaa, akazikwea zile ngazi za mtaani huku magoti yakimuuma, akalitua pale pale alipokuwa akichomea mama yake.

Sadini wa kwanza wameanza kuchuruzika mafuta, mlango wa iliyokuwa nyumba yake ukafunguliwa. Akatoka kijana nadhifu, msimamizi wa vyumba vya watalii.

"Samahani mama, hapa hapachomwi. Moshi unaingia kwa wageni."

"Mwanangu, mimi nachoma hapa tangu wewe hujazaliwa."

"Ndiyo, lakini sasa huishi hapa."

Zulmira akainua uso amjibu, ndipo alipoiona. Juu ya kengele imebandikwa picha kubwa ya karatasi: yeye mwenyewe, na aproni yake ya maua, anageuza sadini huku anacheka. Chini yake maandishi: Ishi kama mwenyeji.

"Na huyu ni nani?"

Kijana akaitazama picha, akamtazama yeye. Badala ya kuona haya, akachangamka! "Kumbe ni wewe! Basi choma, mama, choma! Uwe unakuja kila Jumamosi, tutakulipa. Wageni watafurahi sana. Ila choo cha ndani usitumie, ni cha wageni."

Choo! Choo alichokisugua kwa mikono yake tangu usichana!

"Hivi wewe una mama?" akamuuliza.

Hakungoja jibu. Akaibandua ile picha, akawafungia humo sadini wake, akazima mkaa kwa maji, akashuka zake.

Kwenye feri, mama mmoja aliyekaa jirani akanusa, akatabasamu. "Harufu ya sikukuu hiyo! Wewe ni mwenyeji wa Alfama, dada?"

Zulmira akafungua furushi. Mafuta yalikwisha kuloanisha kile kicheko cha kwenye karatasi.

"Mwenyeji ni huyu," akasema. "Mimi nakaa Barreiro. Karibu samaki."