Nilimhamisha Mama Mkwe kwa Sababu ya Nguo Zilizolowa

Siku ya sita baada ya kumhamisha mama mkwe wangu, milango ya boti yetu iligoma kufunga.

Ulianza mlango wa chumba cha mwisho cha wageni. Nikausukuma, ukarudi. Nikausukuma kwa bega, ukarudi tena, taratibu.

Nikasema labda mbao zimevimba kwa baridi. Nikaenda sebuleni. Matufaha manne niliyoyaacha mezani yalikuwa sakafuni, yamejikusanya yote kwenye kona moja. Na hakuna mtu aliyeingia. Wageni hatukuwa nao tena.

Sikufichi, nilisoma kila dua niliyoijua. Nilidhani mama mkwe ameniachia jini.

Ndivyo nilivyokuwa siku hizo. Mtu nimemtoa mwenyewe kwa mikono yangu, halafu namsingizia na majini.

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Naitwa Masrat. Tunaishi Srinagar, juu ya ziwa la Dal. Tuna boti mbili. Kubwa ni ya wageni, ya mbao za mierezi, vyumba vitatu vya kulala na mazulia kila mahali. Inaitwa Malkia wa Theluji, na ukiona rangi ilivyobabuka utamwonea huruma malkia.

Sisi wenyewe tunakaa nyuma yake, kwenye boti ndogo ya kupikia. Mimi, mume wangu Ashiq, binti yetu, na mama yake Ashiq, Mama Rahti. Kati ya boti na boti kuna ubao wa kuvukia.

Ashiq ana mtumbwi. Kabla jua halijatoka anakuwa ameshakwenda soko la mboga la majini, anarudi saa ya kifungua kinywa.

Mimi sikuzaliwa majini. Baba yangu aliuza boti yake kabla sijaja duniani, nikakulia kwenye nyumba ya matofali kule Batamaloo. Kwa hiyo wiki ya kwanza ya ndoa, Mama Rahti alinishika mkono akanipeleka stoo ya boti kubwa, akakunja zulia, akafunua mfuniko wa mbao.

Chini kulikuwa na giza na maji.

"Boti ya zamani inavuja, haina mjadala," akasema. "Kila asubuhi unashuka humu, unakumba maji kwa debe, unamwaga dirishani. Madebe arobaini. Siku za mvua, sitini. Ukiacha siku tano, tunalala na samaki."

"Sitini, Mama?"

"Mgongo utazoea. Wangu ulizoea mwaka wa pili."

Wangu haukupata nafasi ya kuzoea. Mwezi wa nane wa ndoa nilikuwa na mimba ya miezi minne. Nikashuka kama kawaida, nikapanda na debe, nikahisi kitu kimeachia tumboni. Mtoto akaenda.

Niliporudi kutoka hospitali, Mama Rahti alinikalisha karibu na chungu cha makaa, akanimiminia chai yetu ya chumvi.

"Usishuke tena kule," akaniambia. "Ulipokuwa umelazwa nilimwita Mzee Subhan. Ametia kalafati boti nzima, kila upenyo ameuziba. Imekauka."

"Imekauka kabisa?"

"Kama mkate wa juzi."

Nikamwamini. Nilikuwa na mambo mengine ya kulilia.

Mimba ya pili alinilinda mpaka nikawa nachoka kulindwa. Hata sufuria ya wali alininyang'anya. Tukapata binti, Sabreena, mzima wa afya.

Miaka tisa ikakatika hivyo.

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Kila nilipoamka kuwasha jiko, Mama Rahti alikuwa anavuka ubao akitokea boti kubwa. Alisema anakwenda kuswali kule, kuna utulivu. Miaka ya mwanzo alirudi mkavu, au labda alibadili nguo kabla sijamwona. Mwaka wa tisa nguvu zilishamwishia. Nikawa nakutana naye njiani, joho lake la sufu limelowa kuanzia kiunoni hadi chini. Na linanuka. Harufu ya kitu kilicholala siku nyingi.

"Mama, umelowa."

"Nimejimwagia maji ya udhu."

Kesho yake hivyo hivyo. Na keshokutwa. Udhu gani huo wa kulowa mpaka kiunoni?

Nikajiongeza. Nikasema mama wa watu uzee umefika, anajikojolea.

Nilifua yale majoho nikiwa nimebana pua. Sabreena nikamhamisha asilale tena na bibi yake. Ashiq sikumwambia, utamwambiaje mwanaume kitu kama hicho kuhusu mama yake? Nikamwambia dada yangu kwa simu. Tukacheka. Ndiyo, nilicheka, na ningetamani kusema dada ndiye aliyeanza.

Mwezi wa kumi tukapata wageni kutoka Kolkata, mama mmoja na familia yake. Asubuhi yule mama akatoka chumbani, akakutana na Mama Rahti kwenye ujia, anachuruzika.

Akapisha njia. Ila siku ya kuondoka, kwenye daftari la wageni akaandika: "Ziwa zuri, chakula kitamu, lakini kuna bibi ananuka."

Wageni wetu wote hulisoma daftari lile kabla hawajashusha mizigo. Nikachana ukurasa. Lakini yule mama alishawaambia wenzake, na familia mbili zilizokuwa zije nyuma yake zikaghairi. Baridi ilikuwa mlangoni na sisi baridi nzima tunakula kwa pesa za wageni wa mwezi wa kumi.

Nikampigia wifi yangu, Dilshada. Yeye ameolewa nchi kavu, Bemina.

"Mlete," akasema. "Kwani ni wako peke yako?"

Ikabaki kumwambia mwenyewe. Nilimvizia akiwa anachambua mboga.

"Mama, Dilshada anakutaka ukakae kwake baridi hii. Ana jiko la chumbani, maji ya moto yanatoka ukutani."

"Na huku?"

"Huku usihofu. Kazi zako zote nitafanya mimi."

Akaacha mboga. Akanigeukia.

"Zote?"

"Zote, Mama. Naona unavyochoka."

Macho yakamjaa maji. "Kumbe ulikuwa unajua."

Mimi nikadhani tunaongelea mikojo. Nikashusha sauti, nikajiona mstaarabu sana.

"Nilijua zamani. Usione aibu, ni mambo ya kawaida."

"Ashiq asijue."

"Hatajua."

Akanivuta, akanibusu kwenye paji la uso. Siku ya pili akapanda mtumbwi na mafurushi yake, akaondoka anatabasamu. Nikasema moyoni, afadhali, limekwisha vizuri.

Basi siku ya sita ndiyo hiyo milango ikagoma.

Nilikuwa bado na dua zangu nikasikia kasia nje. Mzee Subhan, fundi wa boti, jirani yetu, alikuwa anapita.

"Masrat, boti yenu imelala upande. Mmekumba maji leo?"

"Boti yetu haivuji, Mzee. Si uliitia kalafati wewe mwenyewe?"

"Lini?"

"Mwaka ule nilipolazwa. Miaka tisa sasa."

Akacheka, kisha akaona mimi sicheki. "Binti yangu, hii boti sijaigusa tangu marehemu baba yake Ashiq yuko hai."

Akafunga mtumbwi, akaingia mpaka stoo, akakunja zulia, akafunua mfuniko.

Maji yalikuwa yamefika karibu na mdomo wa shimo. Meusi. Na ile harufu ikanipiga usoni, harufu ile ile niliyoifua kwenye majoho miezi yote.

Juu ya maji lilikuwa linaelea debe. Mpini wake umezungushiwa kitambaa cha kijani, kipande cha shungi la Mama Rahti.

Nikakaa pale pale sakafuni.

Ashiq akaingia na vikapu vya mboga. Akatazama shimo, akanitazama mimi.

"Masrat, siku ngapi hujakumba?"

"Miaka tisa."

"Unasemaje?"

"Mama aliniambia imekauka. Aliniambia fundi ameziba."

Ashiq akaweka vikapu chini. "Mimi aliniambia unakumba wewe. Kila asubuhi nikishaondoka. Akasema nisikuulize kabisa, kazi ile inakukumbusha mtoto, utaumia."

Akanishika kiganja.

"Na yale mafuta ya mikono niliyokuwa nakuletea kila baridi," akasema, "ulidhani ni ya nini?"

"Nilidhani unanipenda."

"Nilikuwa nakupenda. Lakini nilidhani mikono inakuuma."

Mama Rahti hakuwahi kuonja hata kidole kimoja cha mafuta yale. Nilikuwa nikipaka mimi, viganja vyangu vimelala ndani ya blanketi usiku kucha vinanukia waridi, na yeye yumo chini ya zulia na debe.

Tukakumba. Mimi, Ashiq na Mzee Subhan, tukipokezana. Debe la thelathini mikono ilikuwa inawaka. Debe la hamsini mgongo ulikataa, nikaegemea ubavu wa boti, ndani ya maji, nikalia kwa sauti. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja. Yeye alikuwa na sabini na nne.

Kesho yake nikaenda Bemina.

Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kuomba radhi. Dilshada akafungua mlango, akanikumbatia kabla sijafungua mdomo.

"Wifi, mkwe kama wewe sijapata kuona. Mama hamalizi kukusifu. Mtaa mzima unakujua."

"Kwa lipi?"

"Usijifanye. Anasema alikuficha kazi ya maji miaka yote, ukamgundua, na hukumwaibisha hata kidogo. Ukamwambia utafanya zote wewe, yeye akapumzike."

Hapo ndipo nikaelewa yale machozi juu ya mboga. Nikaelewa na lile busu. Yale maneno niliyopanga njiani yote yakapotea.

Mama Rahti alikuwa amelala karibu na jiko, kifua kinamkoroma. Alianza kukohoa siku ya pili alipofika. Aliponiona akainuka kwa kiwiko.

"Njoo, mwanangu. Lete mikono."

Nikampa. Akaigeuza, akapitisha kidole gumba chini ya vidole vyangu, pale ambapo mpini wa debe hukata. Alikuwa anatafuta sugu. Mtu akikumba siku saba mfululizo lazima ziwepo.

Alikuta malengelenge mawili, mabichi, ya jana.

Kidole kikasimama juu ya lengelenge. Akaniangalia. Niliona anavyoelewa, kidogo kidogo, na tabasamu likimtoka.

"Boti ikoje?" akauliza polepole.

"Inaelea, Mama."

"Jana?"

"Jana ndiyo tuligundua."

Mimi nilitamani anipige.

Dilshada akaingia na chai. "Mama, umeona mikono ya mkweo ilivyoumia?"

Mama Rahti akaifunga mikono yangu ndani ya yake, malengelenge yasionekane.

"Nimeona," akasema. "Huyu mtoto anajituma."

Dilshada alipotoka nikapiga magoti.

"Mama, mimi nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Nguo zangu hata mimi nazinusa."

"Nisamehe. Turudi nyumbani, leo hii."

"Kifua kikitulia." Akakohoa, akasubiri kipite. "Ila Dilshada usimwambie. Ana hasira huyu, hatakusamehe, na mimi nikiondoka nyie ndio mtabaki wa kusaidiana. Mwache ajue hivyo anavyojua."

Kifua hakikutulia. Madaktari walisema mapafu yamechoka na baridi ya muda mrefu, wakauliza alikuwa akifanya kazi gani. Siku ya kumi na tisa tangu ahame, theluji ya kwanza ilianguka, na alfajiri hiyo akafariki kwa bintiye, nchi kavu, mtu aliyezaliwa juu ya maji.

Msibani Dilshada alinishika begani mbele ya wanawake wote.

"Huyu ndiye aliyempumzisha mama yangu," akasema. "Siku zake za mwisho hakubeba hata kikombe."

Wanawake wakaniombea dua. Na mimi nikaitikia amina.

Huu ni mwaka wa tatu. Nakumba kila asubuhi, na mgongo umezoea, alisema kweli. Ashiq alitaka kununua pampu, nikamwomba asubiri. Kila Iddi Dilshada anakuja na zawadi yangu, na kila Iddi anaisimulia upya hadithi ile, na mwanangu anakaa anaisikiliza.

Nyie mnaosoma, somo langu ni dogo. Ukimwona mzee wako amelowa, muulize alikuwa wapi. Akikujibu, kesho amka mapema umfuate ukaone. Usiharakishe kubana pua.

Na wewe Dilshada, najua huwa unasoma kurasa hizi ukiwa unasubiri wali uive. Mama alinikataza kukwambia, nimemtii miaka mitatu na sasa nimeshindwa. Iddi hii usiniletee kitu. Mimi sikumpumzisha mama yako. Nilimfukuza.