Mahbuba na sahani za wifi yake

Asubuhi hii Mahbuba anakanda udongo kwa visigino, lakini macho yake yako kwingine. Yako ng'ambo ya ua wa mipungate yenye miiba, kwa wifi yake Dhahabia, ambako moshi wa samadi umeanza kupanda.

"Leo anachoma," anasema, wala hakuulizwa. "Sahani walizoagiza Wafaransa. Ametundika na mkia wa samaki, eti kujikinga na jicho. Jicho la nani? Huku mlimani tuko nyumba mbili tu!"

Anacheka, kisha anaguna.

Hapa Sejnan, kaskazini mwa Tunisia, wafinyanzi wanaamini kwamba chombo kikitazamwa na mwenye kijicho kingali motoni, hupasuka. Na kwamba Mahbuba ana kijicho, hilo halina ubishi. Mwenyewe, mama wa miaka hamsini na mbili, hakatai.

"Nitakataaje? Nilipomwona na bati jipya sikulala."

Wanawake hawa walifundishwa kazi na mtu mmoja, mama yake Dhahabia. Udongo wanachimba shimo moja, ua wanalochora ni lile lile. Lakini miaka sita iliyopita chama cha biashara ya haki kilikuja kutoka Tunis, kikabisha hodi kwa Dhahabia, kikanywa chai, kikaandika majina ya wanachama na kwenda zake. Siku hiyo Mahbuba alikuwa kisimani.

Tangu hapo Dhahabia hulipwa dinari kumi na tano kwa sahani, nusu yake kabla hajagusa udongo, na ikivunjika njiani si juu yake. Mahbuba humuuzia wakala wa duka kubwa la Tunis kwa dinari nne. Fedha huja ikitaka, na sahani ikivunjika hurudishiwa vigae vyake tu.

"Haki gani hiyo, mwanangu, inayoingia nyumba moja ikairuka ya pili? Kama ni haki kweli, si ingeningoja nirudi kisimani?"

Mwaka jana alikwenda Tunis harusini, akapitia kwenye duka lile. Akaikuta sahani yake inauzwa dinari thelathini. Kando yake kulikuwa na rundo la sahani za kiwandani zenye ua lile lile, dinari mbili na nusu, na watu wanazigombea. Awalaumu? Yeye mwenyewe alinunua sita. Ndizo anazompakulia mgeni kuskusi leo.

"Nile kwenye dinari thelathini, mimi nani?"

Mwezi huu nafasi moja imebaki wazi kwenye chama, na wa kupendekeza jina ni Dhahabia. Mahbuba anaitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote, ila kuomba hajaenda.

"Nimpigie magoti yule? Aka!"

Kabla ya adhuhuri, mvua inaanza kudondoka. Dhahabia hayupo, ameteremka sokoni mara moja kutafuta nyasi za kufungia sahani. Mahbuba anasimama mlangoni. Akienda na sahani zikapasuka, kijiji kizima kule chini kitasema ni jicho lake, na nafasi ndiyo basi tena. Asipokwenda, maji yatazipasua, na hapana atakayemnyooshea kidole.

"Zipasuke," anasema. "Zipasuke zote!"

Anatazama mvua. Halafu anaachia tusi moja zito, anang'oa mabati ya banda la kuku wake na kupenya kwenye mipungate, miiba ikimchana mikono. Anaufunika moto, anauzungushia samadi kavu aliyojiwekea mwenyewe, na hatoki hapo mpaka mvua inakatika.

Dhahabia anarudi ameloa chepechepe. Moto ukishapoa, anafukua majivu. Sahani tatu zimepasuka. Anamgeukia mwenzake.

"Wifi, umezitazama?"

"Moja moja. Nzuri mno, na roho inaniuma mpaka sasa."

"Na tatu zimepasuka."

"Ebo! Jicho langu lingekuwa na nguvu hizo mnazosema, ungekuta hata moja nzima?"

Dhahabia anacheka mpaka anakaa chini kwenye matope. "Kesho lete kitambulisho," anasema akijifuta machozi. "Nitakutaja kwenye chama. Kuku wako wameloa, hao shauri yako."

Jioni Mahbuba yuko tena juu ya udongo wake. Asante hamwambii mtu. Wakala, anasema, hatakosa mwingine wa dinari nne, kwa kuwa milima hii haijaishiwa wanawake.

Je, akianza kulipwa kama wifi yake, ana mpango gani? Bati la banda kwanza. Na la pili?

"Namwomba Mungu anipe uhai, siku moja nichome sahani zangu, Dhahabia asimame palepale kwenye mipungate, roho imuume kama inavyoniuma mimi."

Na mkia wa samaki, atatundika?

"Wa nini?" anasema Mahbuba. "Nataka atazame."