Kicheko Nilichokielewa Vibaya

Mwalimu wetu Mdachi aliponiambia niweke jina langu peke yake chini ya ile habari, nilipaswa kusema hapana. Nilisema, "Ndiyo, Bwana."

Ilikuwa shule ya misheni magharibi ya Mlima Meru, miaka michache kabla ya vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, na Waingereza. Bado nazikumbuka asubuhi zake: baridi ya kukata masikio, harufu ya moshi wa kuni mbichi, na rafiki yangu akija kutoka kwao Oldonyo Sambu na kibuyu cha maziwa chini ya shuka. Tulikunywa kwa zamu kabla ya kengele. Mimi nilikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa mjini, Kiswahili nimezaliwa nacho. Yeye alizaliwa na Kimaa.

"Wewe wa mjini," alikuwa akinitania, "ng'ombe unamjua akiwa sufuriani."

Baba yake alitaka arudi kuchunga. Alikuwa amemwambia, "Nionyeshe kitu kimoja ulichofanya huko, nitakuacha usome."

Siku moja mwalimu alikasirika kwamba kila akimkemea mtu, mtu anacheka. Akatuagiza tuandike kwa nini watu hucheka pasipo na la kuchekesha. Alisema habari itakayompendeza ataipeleka kwenye gazeti la Kiswahili lililochapwa pwani.

Nilikaa, neno halinijii. Rafiki yangu akaanza kusema, nusu Kimaa, nusu Kiswahili.

"Askari akija kwetu akauliza, 'Mume wako yuko wapi?' mama anacheka. Unadhani amefurahi?"

"Sasa anacheka nini?"

"Kiswahili hana. Akinyamaza, ana kiburi. Akikosea, ni mwongo. Basi anacheka. Ikishakuwa mazoea, hata mbuzi akifa atacheka."

Hapo tulicheka wote wawili mpaka maziwa yakamwagika.

Niliandika kama alivyosema, nikanyoosha Kiswahili tu. Mwalimu alipoisifu, nilimweleza kwamba tulikuwa wawili.

"Nani aliandika?"

"Mimi, Bwana."

"Basi weka jina lako."

Jioni nilimweleza rafiki yangu. Akacheka. Nikajiambia ameridhika, mimi niliyetoka kuandika kwa mkono wangu maana ya kicheko cha namna ile. Watu hudhani kuiba maandishi ni kunakili kitabu cha mwingine. Mimi sikuwa na kitabu mbele yangu. Nilikuwa na mtu.

Gazeti lilipofika, baba yake alikuja shuleni kuona alichofanya mwanawe. Tulimwamkia, "Shikamoo, baba." Akaitikia, kisha akanipa mimi gazeti, kwa kuwa nilisifiwa kwa kusoma.

"Jina la mwanangu liko wapi?"

Nilitafuta pale nilipojua halipo. "Silioni, baba."

"Twende," akamwambia mwanawe.

Ningeweza kusema hata wakati ule. Nilikunja gazeti, nikawatazama wakiondoka.

Vita vilipokuja, sisi wa shuleni tuliachwa. Vijana wa vijijini walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, rafiki yangu akiwa miongoni mwao. Hakurudi. Baba yake aliishi miaka mingi baada ya hapo, na sikuwahi kumwambia maneno yale yalikuwa ya nani. Kukubali kuandika jina langu peke yake kulinipotezea rafiki, na yeye kulimpotezea uhai.