Mwiko wa Miguu ya Halima

Ukitaka kumjua mtu wa Likombe, pita nyuma ya nyumba yake, maana mbele kila mtu amefagia. Mwaka jana mwezi wa tano, nyuma ya nyumba ya Halima binti Hassani ungemkuta mama mtu mzima, muuza mihogo ya kukaanga na bagia getini kwa shule, kajipinda tumbo juu kichwa chini, viganja na nyayo mchangani. Amevaa suruali ya mumewe, na juu yake kanga iliyofungwa kiunoni kwa fundo la kukata shauri. Mumewe Idrisa, kuli wa bandarini, alitoka mlangoni na kikombe cha chai, akamtazama, akasema, "Mama Farida, kama umeamua kuwa meza, basi niwekee kikombe."

Halima alicheka, mikono ikaishiwa nguvu, akaanguka kwa mgongo. Lakini aliinuka, akajipangusa, akajipinda tena. Tumcheke kidogo, tusimcheke sana. Aliyemfikisha pale alikuwa bintiye.

Farida alikuwa darasa la tano, miguu mirefu, maneno machache. Mwenge wa Uhuru ulikuwa njiani kuja mkoani, na shule yao ilichaguliwa kutoa watoto wa halaiki, wale wanaocheza sarakasi na kujipanga maumbo uwanjani mbele ya wageni. Aliyewafundisha ni Mwalimu Theresia, mtu wa Songea, mwanamke mfupi mwenye filimbi shingoni na huruma aliyoificha mbali. Kilele cha mchezo wao kilikuwa hiki: ngoma inapiga, wasichana wa mstari wa mbele wananyanyua mikono, wanajipinda kwa nyuma mpaka viganja viguse chini, hapo wamekuwa daraja. Ngoma inapiga tena, mguu mmoja unarushwa juu, wa pili unaufuata, na wote wanajikuta wamesimama wima, wanatazama kulekule walikokuwa wanatazama mwanzo.

Kulielezea jambo hili ni rahisi. Kulitenda ni kwenda kinyumenyume mahali usipopaona. Farida alishika daraja vizuri kuliko wenzake wote, lakini siku ya kurusha mguu, mguu ulifika nusu ya safari, akauogopa, akaurudisha. Mwili haupendi mtu wa kubadili mawazo njiani. Aliangukia shingo, akala mchanga, na tangu siku hiyo akawa anashika daraja na kubaki hapohapo mpaka mikono itetemeke.

"Ijumaa ijayo," alisema Mwalimu Theresia, "asiyepinduka anahamia mstari wa nyuma, akapunge vitambaa."

Hakuna mtoto duniani aliyezaliwa na hamu ya kupunga vitambaa. Jioni ile, akiwa anamsaidia mama yake kumenya mihogo, Farida alisema bila kunyanyua uso, "Mama, mimi naacha halaiki."

"Kisa kuanguka? Ulipokuwa unajifunza kutembea ulianguka kutwa, mbona hukuacha?"

"Siyo kuanguka tu. Desemba si nachezwa unyago? Nikishachezwa ndiyo basi. Wewe mwenyewe ulisema. Sasa nivunje shingo kwa kitu cha kuja kuachishwa?"

Kisu cha Halima kilisimama katikati ya muhogo. Ni kweli alisema. Alisema siku nyingi zilizopita, kwa kujisahau, akidhani mtoto amelala.

Na yeye Halima, alipokuwa na umri wa Farida kule Madimba, alikuwa mtoto wa kujipinda. Walicheza mchangani nyuma ya shule, yeye na wenziwe, bila mwalimu wala filimbi. Daraja alilijua. Alibakiza kurusha mguu tu, na alihisi kabisa kwamba umebaki kidogo, kama mtu anayehisi chafya inakuja. Likizo ikafika, akaingizwa unyagoni pamoja na wasichana wa rika lake, kama ilivyo desturi ya kwao msichana anapokua. Somo wake, yaani mwanamke aliyekabidhiwa kumfunda, aliitwa Bi Somoe. Na siku ya kwanza tu Bi Somoe alimshika kidevu, kama alivyowashika wenziwe, akamwambia, "Kuanzia leo miguu yako isipite juu ya kichwa chako." Neno la somo halijadiliwi. Halima alitoka ndani akiwa mwali mzuri, akapewa kanga mpya na sahani, akashangiliwa, na hakujipinda tena. Aliolewa, alizaa, alikaanga mihogo. Mara mojamoja, akiwa peke yake, alinyanyua mikono kama anajinyoosha, akatazama nyuma kidogo, akairudisha.

Sasa mtoto wake alikuwa anairudisha yake. Hilo Halima hakuliweza. Alikata kipande cha muhogo kwa hasira isiyo na sababu na kusema, "Usiache. Nitakwenda kwa somo wangu kuomba ruhusa, yako na yangu. Nikiipata, najifunza na mimi. Nikipinduka mimi, na wewe upinduke."

"Mama! Wewe?"

"Mimi, kwani nina mgongo wa kuazima?"

Alfajiri ya Jumamosi akachukua sukari, sabuni ya mche na jogoo mmoja mbishi, akaenda Madimba. Njia nzima alikuwa anapanga maneno. Alimkuta Bi Somoe uani, anaanika makopa ya muhogo juu ya bati, mwembamba, mweusi tititi, na sauti ileile ya kuamrisha hata kuku.

"Shikamoo somo."

"Marahaba mwali wangu. Jogoo wa nini? Nani kafa?"

"Hajafa mtu, somo. Nimekuja kwa lile neno la miguu."

"Neno gani la miguu?"

Halima akapiga magoti kama siku ile, akalitamka neno zima. Bi Somoe akabaki na kopa mkononi. Akauliza, "Na mpaka leo hujapitisha mguu juu ya kichwa?"

"Mpaka leo, somo."

Bi Somoe aliangua kicheko, akacheka mpaka akakaa chini. Halafu kicheko kikakatika. Kwa namna yao, somo akimpa mwali miko ya kukaa ndani, siku ya kumtoa humfungulia mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa unga kwenye paji la uso. Hakuna anayejifungulia, na hakuna mwali anayemuuliza somo umebakiza nini. Bi Somoe alianza kuhesabu kwa vidole. "Chumvi niliwafungulia. Moto niliwafungulia. Ufagio niliwafungulia... Kisha nikaitwa. Kulikuwa na msiba Msimbati, wa mama yangu mdogo, gari ilikuwa inaondoka. Halima! Miguu sikuifungua!"

"Kwa hiyo haikuwa ya maisha?"

"Maisha gani? Ilikuwa ya kukaa ndani tu, mafuta na unga vya kichwani visiwamwagikie! Kwa nini hukuniuliza?"

"Nani anamuuliza somo?"

Hapo Halima alishikwa na hasira, nami simlaumu. Aliikumbuka ile michezo yote aliyoitazama kwa pembeni, na lile neno alilompa bintiye kama urithi, kumbe lilikuwa ni sahau ya mwanamke aliyewahi gari. Machozi yalimtoka. "Somo," alisema, "ungekufa na ufunguo wangu."

"Basi mshukuru Mungu kwamba nimechelewa," alijibu Bi Somoe. Naye macho yalikuwa yamelowa, ila alijifanya ni vumbi la makopa. Akaingia ndani, akatoka na unga wa muhogo kiganjani, akasema bismillahi, akampaka Halima kwenye paji. "Miguu yako ipite inapotaka." Unga ulikuwa wa baridi, na Halima alihisi hasira inashuka, inaachia nafasi kitu kingine. Alishukuru, kwa moyo wote, kwamba bibi huyu alikuwa bado yu hai, anaamrisha kuku.

Alidhani yameisha. Bi Somoe alikuwa tayari anafunga kanga ya kutokea. "Nimefunga mimi, nitafungua mimi mpaka mwisho. Twende huko Likombe, na jogoo mrudishe, nitamla hukohuko kwako."

Ndivyo wiki ile ya vituko ilivyoanza. Kila jioni Farida alirudi na mafunzo ya Mwalimu Theresia na kuyatangaza uani kama mpiga mbiu: mikono ikaribie miguu, mabega yasimame juu ya viganja, mguu urushwe kutoka nyongani, macho yatazame mikono. Idrisa naye, kwa kuona haya ya ule utani wa kikombe, aliamua kuwatengenezea godoro. Alikusanya viroba vya shambani, akavijaza majani makavu, akavishona vizuri. Tatizo ni kwamba viroba viwili vilikuwa vya salfa, ile dawa ya unga wa njano inayopulizwa mikoroshoni, naye alivikung'uta tu badala ya kuvifua. Halima alijipinda, akavuta pumzi, akapiga chafya akiwa daraja. Msiombe yawakute. Farida akapiga chafya, Bi Somoe akapiga chafya, jogoo akakimbilia kwa jirani, na kuanzia hapo Idrisa alikatazwa kusaidia. Walirudi mchangani.

Mguu wa Halima ulikuwa mzito. Daraja lilirudi upesi, mwili haukulisahau, lakini kila aliporusha mguu ulifika palepale ulipofika wa Farida, na kurudi. Alianguka kwa ubavu, akaanguka kwa kalio. Jirani yake Esta, mke wa karani wa bandari, alikuwa anaanika nguo, akauliza kama aite bajaji. Alhamisi jioni Halima alikaa chini, akasema, "Somo, ruhusa ninayo, lakini mwili umezeeka."

"Mwili haujazeeka. Unangoja kuulizwa," alisema Bi Somoe. "Simama."

Akaenda nyuma yake. Akaweka kiganja chini ya mgongo wa Halima, juu kidogo ya kiuno, palepale alipokuwa akiweka zamani alipomfundisha kucheza ngoma ya kutoka. Halima alikitambua kiganja kile, kigumu, kikavu, hakijabadilika. Kwa miaka yote alikikumbuka kuwa ndicho kilichomfunga. Alisahau kwamba ndicho pia kilichokuwa kikimshika asianguke.

Akajipinda. Mchanga ukaja juu, mbingu ikaenda chini. Viganja vikagusa. "Rusha, usiulize!" Bi Somoe akafoka, na Halima akarusha. Mguu ulifika palepale pa kurudi, na haukurudi. Ulipita. Wa pili ukaufuata, dunia ikageuka, na mama muuza mihogo akajikuta amesimama, kanga shingoni, nywele zimejaa mchanga, anatazama ukuta wa nyumba yake mwenyewe kama ameuona leo. Alilia kwa sauti, akamkumbatia Bi Somoe mpaka bibi akalalamika kwamba mbavu zake si za kuchezea.

"Ahadi," alisema Farida. Alikuwa ameshanyanyua mikono, midomo imekauka. Bi Somoe akamwekea kiganja. Mara ya kwanza alirudisha mguu. Mara ya pili akapita, akaanguka kwa magoti upande wa pili, akacheka. Wakaendelea mpaka adhana ya magharibi. Mara za mwisho Bi Somoe alikuwa amekitoa kiganja, na Farida hakujua.

Ijumaa alipinduka mbele ya filimbi. Mwalimu Theresia aliandika jina lake mstari wa mbele, na baadaye alipita getini, akanunua mihogo, na kumwambia Halima, "Mama Farida, nasikia mmefundishana nyumbani. Asante. Nilishamkatia tamaa." Siku ya Mwenge Halima hakuona vizuri uwanjani kwa sababu ya machozi na kofia ya mtu wa mbele, lakini ngoma ilipopiga mara ya pili, mstari ulipinduka wote kama mtu mmoja, na hakuna aliyebaki chini.

Desemba ikaja, na Farida akaingia ndani kama wenzake. Halima aliomba somo awe yuleyule. Watu walishangaa; alisema tu kwamba somo aliyerudi kufungua ni bora kuliko asiyewahi kukosea. Siku ya kutoka wanawake walijaa uani, vigelegele mpaka barabarani. Wanawali waliketi mkekani na magauni mapya, macho chini, maana mwali siku hiyo hasemi. Bi Somoe akapita na bakuli la unga. Akafungua chumvi. Akafungua moto. Akafungua ufagio. Kisha akasimama katikati, akawageukia wanawake, akauliza kwa sauti ya kuamrisha, "Nimebakiza nini?"

Swali hilo halijawahi kuulizwa na somo yeyote. Halima akapaza sauti.

"Miguu, somo!"

"Miguu," alisema Bi Somoe, akachovya kidole.

Na hapo, kutoka kwenye kundi la akina mama, sauti ikatoka ya Latifa, mama wa watoto watano aliyechezwa mwaka mmoja na Halima. "Kwani... kwani hata sisi tulishafunguliwa?"

Bi Somoe alimtazama, akatazama wenziwe waliokuwa wameshikana mikono pale pembeni, wanawake wazima na kanga zao za sare. Akamwachia Farida alama ya unga kwenye paji, kisha akaenda na bakuli lake kwao, mmoja baada ya mwingine, akiwaomba radhi kwa kila kidole. Wengine walicheka, wengine walilia, na Latifa alifanya vyote viwili.

Farida hakuwangoja. Alisimama, gauni jipya juu, suruali ya halaiki chini, akanyanyua mikono, akaanza kwenda nyuma. Halima, ng'ambo ya uani, bila kujua, alinyoosha mkono wake na kukunjua kiganja hewani, kama wa kumshikia mgongo. Aliubakisha hapo mpaka mtoto aliposimama.