Mlango wa Mzee Diriye

Kwa miaka ishirini na mitatu, kijana yeyote wa mtaa wao hapa Garissa aliyetaka kitambulisho alipita kwanza mbele ya Mzee Diriye. Alikuwa mmoja wa wazee wa uhakiki, wale walioiambia serikali nani ni mtoto wa hapa na nani amevuka mpaka pale Liboi juzi. Chai ya maziwa ya ngamia ilikuwa mezani, na maswali hayakuwa haba: tutajie babu zako mpaka wa kumi, ngamia wenu wana alama gani, mama yako alikuzaa karibu na kisima gani. Vijana walitokwa jasho. Mmoja alikwama kwa babu wa saba, na chumba kizima kikamsaidia kwa kelele. Mzee akikumbuka hayo hucheka peke yake, na watu wa nyumbani wameshamzoea.

Siku hizi ni kamera. Unakaa kitini, mashine inakutazama uso, basi. Ilimtazama Bilan, mjukuu wake, ikasema uso huo ni wa mkimbizi aliyeandikishwa kambini Ifo. Bilan hajawahi kufika Ifo hata kwa harusi. Bila kitambulisho, nafasi yake ya chuo cha uuguzi ilikuwa ifungwe mwisho wa mwezi, na kila karani aliyeulizwa aliinua mabega: mashine imekataa, yeye afanye nini?

Kwa hiyo maofisa walipokuja kutoka Nairobi kukusanya maoni kuhusu sheria ya mashine hizo, Diriye alivaa kofia yake nzuri, akaenda na Bilan. Alikuwa amejipanga kusema jambo moja tu: turudishieni wazee, sisi hatukukosea. Alishika kipaza sauti, na hapo akamwona Kaaha, muuza maziwa, safu ya tatu.

Kaaha alipokuwa msichana, Diriye alimkataa kwenye uhakiki wa kitambulisho kwa sababu tu alikuwa amegombana na baba wa msichana huyo juu ya kisima. Angeweza kunyamaza, watu walikuwa wameshaanza kumpigia makofi. Lakini aliona haya, tena Bilan akiwa pale pembeni.

"Mimi nilikataa huyu mama," alisema. "Nilisema yeye si mtu ya hapa. Ilikuwa uongo, nilikasirikia baba yake. Alikuja mlango yangu kila asubuhi, siku tisa, mbaka nikashindwa, nikaenda ofisi nikarekebisha."

"Siku kumi na moja," alisema Kaaha bila kuinuka.

Ukumbi ulicheka. Kaaha hakucheka.

"Na chuo nilikosa mwaka ile. Lakini nilijua nyumba ya kwenda kulia. Nyinyi watu ya Nairobi, andika hiyo kwa sheria. Mashine ikikosea, mtu mwenye jina abatikane, na mlango yake tujue."

Ofisa aliandika, akauliza jina la Kaaha linaandikwaje, akashukuru, akamwita mwingine.

Diriye alirudi kitini akiwa mwepesi, na kwa muda mfupi alikitamani tena kile chumba cha zamani, pamoja na dhambi zake zote. Bilan alimsogelea sikioni.

"Awowe," alinong'ona kwa adabu, kama anavyozungumza na babu yake siku zote, "hiyo sheria ikipita, chuo kitakuwa kimeshafunga. Kesho asubuhi mimi niende mlango wa nani?"