Siku Nilipomlilia Hussein Akiwa Hai

Hii stori nitaisema mara moja tu, na mkicheka mcheke polepole, maana mpaka leo nikipita sokoni hapa Isiolo kuna watu hunipa pole kwa kunikejeli.

Mimi nina duka la dawa za mifugo, naishi peke yangu, na rafiki wa kweli ninaye mmoja, Hussein, dereva wa lori la kupeleka unga Korbesa. Tangu shuleni tuna ndoto moja, tununue kashamba Rapsu, tulime vitunguu, tufuge mbuzi wachache, tusiamrishwe na mtu (mpaka leo hatujanunua hata jembe). Sasa mpwa wangu alikuwa ameniachia riwaya ya zamani ya Marekani, inahusu vibarua wawili marafiki wanaohamahama wakitafuta kazi na wanaota shamba kama sisi kabisa, na siku hiyo wateja hakuna, nikaamua niimalizie hapo hapo kaunta. Huo uamuzi ndio ulioniponza. Mwishoni mmoja anampiga mwenzake risasi, tena kwa kumhurumia, na mimi mtu mzima na ndevu zangu nikalia mpaka kamasi.

Mama Kendi, anayeuza mboga mlangoni kwangu, akaingia. "Galgalo, ni nini?"

Niliona haya kusema ni kitabu. Nikakisukuma chini ya kaunta nikajibu, "Ni rafiki, amepigwa risasi," nikitaka kuendelea kueleza lakini kilio kikanikaba, na yeye (anajua nina rafiki mmoja tu) akashika kichwa akatoka mbio.

Nilikaa ndani kama saa moja nikijituliza; kunawa uso na kutoka nje, nikakuta viti vya plastiki vimepangwa mbele ya duka, wazee wa msikiti wanasema inna lillahi, mtu ameleta sukari, na mwingine ananiuliza maiti inafika saa ngapi. Nikafungua mdomo niseme ukweli, mzee mmoja akanikumbatia. "Usiongee, kijana wangu. Lia tu." Basi nikalia tena, safari hii kwa aibu. Wakapiga simu ya Hussein, haipatikani (huko Korbesa mtandao ni bahati yako), wakazidi kuamini, na mimi mwenyewe nikaanza kuogopa, nikamfikiria peke yake kwa ile barabara ya majambazi, nikaona vile mji huu ungekuwa mtupu kwangu bila yeye.

Kisha mama yake akaja, ameshikwa mikono na wanawake wawili, hana viatu. Akaniuliza taratibu, "Ulimwona wewe mwenyewe?"

Hapo sikuweza tena. Nikaingia ndani, nikatoka na kitabu, nikakiinua watu wote wakione. "Mama, nisamehe. Hussein sijasikia ana shida yoyote. Aliyekufa ni wa humu."

Yule mzee akakichukua, akakipindua huku na huku, akauliza, "Huyu wa humu ni wa ukoo gani?"

Hakuna aliyecheka, maana simu ya Hussein ilikuwa bado haipatikani na mama hakujua aamini lipi. Tukakaa hivyo, wote tunatazama simu yangu, mpaka ikalia. Ni Hussein, amefika Merti penye mtandao, injini inanguruma nyuma yake.

"Mbona mnanitafuta hivi? Nani amekufa?"

Nikampa mama simu. Alipoisikia sauti ya mwanawe aliketi pale pale vumbini, akasema alhamdulillahi, akarudia, kisha akaanza kutafuta kiatu cha kunipigia akakumbuka hana. Mimi nilihisi kama nimetuliwa gunia mgongoni, hata ningepigwa ningeshukuru. Ile sukari akaagiza ipikiwe chai, matanga yakageuka sherehe, na viti nilivirudisha mimi mwenyewe, nyumba kwa nyumba, nikiomba msamaha kila mlango.

Hussein aliporudi alikuja dukani moja kwa moja.

"Ati ulinililia?"

"Mwanzo nilikililia kitabu."

"Na baadaye?"

"Baadaye nilikulilia wewe."

Akasema, "Basi sawa," akavuta kiti akaketi.

Tangu hapo vitabu nasomea nyumbani, mlango nimefunga. Na mtu akinikuta nalia, namwambia kwanza ni kitabu, ndipo napangusa machozi.